Ventotene, Kisiwa cha Kutupa Watu

Kuna visiwa ambavyo watu huenda kupumzika, na kuna visiwa ambavyo watu hupelekwa kwa nguvu. Ventotene, huko Italia, kimekuwa vyote viwili, lakini kwa sehemu kubwa ya historia yake kilikuwa hicho cha pili.

Hebu kwanza tukiweke kwenye ramani. Chukua pwani ya Italia kati ya Roma na Napoli, halafu tazama baharini. Utaona vitone kadhaa vinavyoitwa visiwa vya Ponza. Ventotene ni kimojawapo, na ni kidogo ajabu. Urefu wake haufiki kilomita 3, umbali ambao Wanairobi wengi huutembea bila kulalamika siku matatu zikipandisha nauli kwa sababu ya mvua. Upana wake, mahali pengi, haufiki hata kilomita moja. Wakaaji wa kudumu hawafiki 1,000. Feri kutoka mji wa Formia huchukua kama saa mbili.

Wanaokwenda huko siku hizi hufuata utulivu. Kuna ufuo wa Cala Nave wenye mchanga mweusi wa volkano, kuna Cala Rossano, kuna nyumba zilizopakwa rangi ya manjano na waridi, kuna bandari ndogo ambayo Warumi waliichonga kwenye mwamba miaka 2,000 iliyopita na bado boti zinaegesha humo. Zao la kujivunia ni kamande. Ndiyo, kamande, zile zile za kula na chapati. Tarehe 20 Septemba kila mwaka wanasherehekea Mtakatifu Candida kwa kurusha angani maputo makubwa ya karatasi.

Picha nzuri sana. Sasa tuutembee mwamba huu kwa mpangilio wa miaka, manake karibu kila pembe yake ina mtu ambaye mwenye mamlaka fulani hakutaka kumwona tena.

*

Wa kwanza tunayemjua kwa jina ni Julia. Kaisari Augustus, yule anayetajwa kwenye hadithi ya Krismasi, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, na mtoto mwenyewe ni huyu. Alimwozesha mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa hesabu ya siasa. Kwanza kwa Marcellus, binamu yake. Marcellus akafa. Halafu kwa Agrippa, jenerali wa rika la babake, ambaye alizaa naye watoto watano. Agrippa naye akafa. Kisha kwa Tiberius, mtoto wa kambo wa Augustus, ndoa ambayo haikumfurahisha bwana wala bibi.

Sasa, Augustus ndiye aliyekuwa ametunga sheria kali za kuadhibu uzinzi, mwaka wa 18 kabla ya Kristo. Mwaka wa 2 kabla ya Kristo sheria ikabisha hodi kwake nyumbani. Julia alishtakiwa kwamba ana wapenzi, na wapenzi wenyewe ni wana wa familia kubwa za Roma. Mmoja wao, Iullus Antonius, alikuwa mtoto wa Marcus Antonius, adui ambaye Augustus alimshinda vitani ili apate dola. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama kesi ilikuwa ya mapenzi au ya njama ya kupindua serikali. Hukumu haikusubiri ubishi huo. Julia akapelekwa kisiwani, ambacho wakati huo kiliitwa Pandateria.

Kule kulikuwa na jumba la kifahari kwenye ncha ya kaskazini, mahali panapoitwa Punta Eolo. Magofu yake bado yapo. Usifikirie seli yenye kunguni, fikiria nyumba ya mapumziko ya tajiri, yenye bafu za maji moto na bahari pande zote, ila mwenyeji haruhusiwi kutoka. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anatuambia masharti. Hakuna divai. Hakuna anasa. Na hakuna mwanamume, awe huru au mtumwa, kumsogelea bila kibali cha Augustus mwenyewe, na kabla ya kibali kutoka Augustus alitaka kujua umri wa mtu huyo, urefu wake, rangi yake, na alama au makovu yaliyo mwilini mwake.

Soma tena hiyo orodha. Umri, urefu, rangi, makovu. Hiyo ni fomu ya viza.

Leo mtu mwenye pasipoti ya Kenya akitaka kukanyaga mchanga wa Cala Nave, anaomba viza ya Schengen. Analipa euro 90, na akinyimwa pesa hazirudi. Anatoa alama za vidole, picha, bima ya safari, mahali atakapolala, taarifa ya benki, na barua ya kuonyesha kwamba ana kazi ya kumrudisha nyumbani. Mimi niliacha chuo, naandika kwa malipo ya makala moja moja, na mwajiri wangu ni hii simu. Sijatuma maombi, na sina haja ya kujidanganya kuhusu jibu. Ventotene nimekitembelea kwa vitabu na kwa ramani za setilaiti, nikikuza picha mpaka mawe ya Punta Eolo yanakuwa ukungu. Nadhani wengi mnaosoma hapa mnasafiri hivyo hivyo.

Turudi kwa Julia. Kuna mtu mmoja aliyeenda naye kwa hiari yake, na huyo ni mamake, Scribonia. Augustus alikuwa amempa talaka siku ile ile Julia alipozaliwa. Miaka mingi baadaye, mama huyo aliamua kwamba kama mtoto anatupwa, basi atupwe naye. Walikaa miaka mitano. Baadaye Julia akahamishiwa bara, mji wa Rhegium, lakini kusamehewa hakusamehewa. Wananchi wa Roma walimwombea mara kadhaa, babake akakataa katakata. Alifariki mwaka wa 14 baada ya Kristo, mwaka ule ule aliofariki babake.

Ungedhani familia ingejifunza. Wapi. Agrippina, binti wa Julia, alipelekwa Pandateria na Tiberius, na akafa kwa njaa mwaka wa 33. Mwaka wa 62 ikawa zamu ya Octavia, mke wa Nero, msichana aliyekuwa na miaka kama 20 hivi. Yeye hakupewa hata muda wa kuzoea kisiwa. Walimkata mishipa, damu ikachelewa kutoka, wakammalizia ndani ya bafu lenye mvuke mkali. Kichwa chake kikapelekwa Roma ili mke mpya wa Nero, Poppaea, ahakikishe.

Wanawake watatu, kisiwa kimoja. Kila mmoja alikuwa karibu sana na kiti cha enzi, na kosa lao kubwa lilikuwa kwamba wangeweza kuzaa au kuolewa na mtu ambaye angekitaka kiti hicho.

*

Kisiwa hakina mto wala chemchemi ya maana. Warumi walichimba matangi makubwa chini ya ardhi kukusanya maji ya mvua, na karne nyingi baadaye wafungwa walilazwa humo. Mtalii wa leo huteremka humo kupiga picha. Kwenye mwambao karibu na mnara wa taa, kuna mabwawa ya samaki yaliyochongwa mwambani, ya kuhakikisha kwamba waliotupwa hapo na waliowalinda hawakosi kitoweo.

Baada ya Warumi, kwa karne nyingi kisiwa kilikuwa cha watawa, maharamia na upepo. Katika karne ya 18 wafalme wa Bourbon waliotawala Napoli wakaleta wakulima, wakajenga kijiji kinachoonekana leo, na wakakumbuka kazi ya zamani ya mahali hapa. Kwenye kisiwa jirani, Santo Stefano, kipande cha mwamba kilicho karibu kilomita 2 tu kutoka Ventotene, walijenga gereza. Lilifunguliwa mwaka wa 1795.

Gereza lenyewe lina umbo la kiatu cha farasi. Seli zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, zote zikitazama uani, na katikati ya ua kuna kikanisa. Mlinzi mmoja akisimama katikati anaona milango yote. Mfungwa haoni bahari, ingawa bahari imemzunguka. Anaona mlinzi na msalaba, basi.

Miaka ya 1850 alifungwa hapo Luigi Settembrini, mwalimu na mwandishi aliyekuwa akiupinga ufalme wa Napoli. Alihukumiwa kifo, ikabadilishwa kuwa maisha. Ndani ya seli, katikati ya wauaji, alitafsiri maandishi ya Lucian kutoka Kigiriki. Mwaka wa 1859 mfalme aliamua kumtuma yeye na wenzake uhamishoni Amerika. Humo melini akajipenyeza mwanawe Settembrini, Raffaele, baharia kijana aliyejifanya mhudumu. Wakiwa baharini alijitambulisha, wakamlazimisha nahodha kugeuza, na meli ikatia nanga Ireland badala ya Amerika. Hii mtu angeitengenezea filamu.

Gaetano Bresci hakuwa na mtoto wa kumwokoa. Alikuwa fundi wa kufuma aliyehamia Marekani kutafuta riziki, akarudi Italia na mwaka wa 1900 akampiga risasi Mfalme Umberto I na kumuua. Mei 1901 alikutwa amenyongwa ndani ya seli yake Santo Stefano. Serikali ilisema alijiua. Mtu yeyote aliyekulia nchi ambayo watu "hujiua" wakiwa seli anajua kwa nini wengi hawakuamini.

Gereza lilifungwa mwaka wa 1965.

*

Sasa tufike mahali ambapo kisiwa hiki kiligeuza mambo.

Mwaka wa 1926 serikali ya Mussolini ilitunga sheria ya kuwatupa wapinzani mbali bila hata kesi mahakamani. Kamati inaketi, inaamua wewe ni hatari, unapewa miaka kadhaa kisiwani. Mfumo huo uliitwa confino. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930, Ventotene ndiyo ilikuwa kambi kuu. Wapinzani mamia kadhaa walikuwa wamerundikwa hapo: wakomunisti, wasoshalisti, waanarki wasiotaka serikali ya aina yoyote, na waliberali. Walilala kwenye mabweni, wakaitwa majina asubuhi na jioni, barua zao zikasomwa. Hata kula kulikuwa kwa vyama. Kila kundi lilikuwa na jiko lake, na ukihama chama ulihama meza.

Hilo la meza lilimpata Altiero Spinelli. Alikuwa mwanafunzi wa sheria na mkomunisti alipokamatwa mwaka wa 1927, bado hajafikisha miaka 20. Alikaa jela miaka 10, halafu akapelekwa Ponza, halafu Ventotene mwaka wa 1939. Katikati ya safari hiyo alianza kuhoji mambo ya Stalin, na chama kikamfukuza. Kwa hivyo alikuwa ametupwa mara mbili, kwanza na serikali, halafu na wapinzani wa serikali. Alipofika Ventotene wenzake wa zamani hawakumsalimia.

Alipata marafiki wawili wapya. Ernesto Rossi alikuwa mwalimu wa uchumi. Eugenio Colorni alikuwa mwanafalsafa, Myahudi. Vitabu walipata, baadhi vikitumwa na mchumi Luigi Einaudi, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Italia, na vingi vikiwa vya Waingereza waliokuwa wakizungumzia shirikisho la nchi. Watu hawa hawakuwa na chochote cha kufanya ila kusoma na kubishana huku wakizunguka ule mwamba. Spinelli hakumaliza chuo kikuu, lakini sijui chuo gani kingempa darasa kama hilo.

Mwaka wa 1941, wakati Hitler alikuwa ameshika karibu Ulaya nzima na hakuna dalili kwamba angeanguka, Spinelli na Rossi waliandika manifesto. Hoja yao kwa ufupi ni hii: tatizo si kwamba nchi fulani ni mbaya na nyingine ni nzuri. Tatizo ni kila nchi kujifanya mungu mdogo, na jeshi lake na mpaka wake. Vita vikiisha mkarudisha mipaka ile ile, mtapigana tena. Dawa ni shirikisho la Ulaya. Inasimuliwa kwamba iliandikwa kwenye karatasi za kusokotea sigara. Kuitoa kisiwani ilikuwa kazi ya wanawake, Ursula Hirschmann, mke wa Colorni, na Ada Rossi, mke wa Ernesto, ambao waliruhusiwa kwenda na kurudi bara.

Sisi tunaijua hiyo mbinu. Gakaara wa Wanjaũ aliweka kumbukumbu zake kwa siri akiwa kizuizini, ikiwemo kisiwani Manda, kule Lamu, ambako Waingereza waliwatupa wafungwa wa Mau Mau. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya Kamiti mwaka wa 1978 kwenye karatasi ya choo. Ukimnyima mtu karatasi, ataandika kwenye kile ulichosahau kumnyima.

Na wakati Spinelli anaandika, hiyo Italia iliyomfunga ilikuwa inashindwa huku kwetu. Aprili 1941 Addis Ababa ilitoka mikononi mwa Waitaliano. Vijana wa King's African Rifles, Wakenya wakiwemo, walikuwa kwenye vita hivyo. Maelfu ya askari wa Italia waliletwa Kenya kama wafungwa. Lile kanisa dogo unaloliona kando ya barabara ukiteremka kuelekea Mai Mahiu ni wao walilijenga, mwaka wa 1942. Mussolini alikuwa amewafanya Waitaliano wafungwa pande zote mbili za dunia.

Lakini si Waitaliano pekee waliofungiwa visiwani. Kule Ponza, jirani na Ventotene, alizuiliwa Ras Imru, binamu wa Haile Selassie, ambaye mfalme alimwachia uongozi alipokwenda uhamishoni mwaka wa 1936. Ras Imru aliendelea kupigana mpaka Desemba, akakamatwa, akaletwa Italia. Sasa sikia. Julai 25, 1943, Mussolini alipinduliwa na kukamatwa. Walinzi wakampakia kwenye meli ya kivita wakampeleka wapi? Ventotene. Walipofika waligundua kwamba kuna kikosi cha Wajerumani kisiwani, wangeweza kumkomboa. Wakageuza kwenda Ponza. Wakamweka kwenye nyumba ile ile aliyokuwa amefungiwa Ras Imru.

Mwezi uliofuata, wafungwa wa Ventotene waliachiliwa. Sandro Pertini, aliyekuwa mmoja wao, alikuja kuwa Rais wa Italia kutoka 1978 hadi 1985. Camilla Ravera, naye wa kisiwani, mwaka wa 1982 akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa seneta wa maisha. Colorni hakufika huko. Alichapisha manifesto kwa siri Roma mwaka wa 1944, na Mei mwaka huo mafashisti wakampiga risasi barabarani. Alifariki siku chache tu kabla ya Roma kukombolewa.

*

Spinelli aliishi mpaka 1986, akiwa kwanza kamishna na baadaye mbunge wa Ulaya. Jengo kuu la Bunge la Ulaya mjini Brussels lina jina lake, na kaburi lake liko Ventotene. Agosti 2016, wiki chache baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa, viongozi wa Italia, Ujerumani na Ufaransa walienda kuweka maua hapo.

Si kila mtu anaweka maua. Machi 2025, Waziri Mkuu Giorgia Meloni alisoma bungeni vipande vya manifesto na kusema hiyo si Ulaya anayoitaka. Bunge likachafuka, kikao kikasimamishwa. Tuwe wa haki: vipande alivyosoma vimo. Waandishi wanasema kuna wakati wa mapinduzi ambapo wachache lazima waongoze bila kusubiri kura, na kwamba mali ya binafsi inaweza kuwekewa mipaka. Mtu ana haki ya kuvikataa. Ila wabunge waliopiga kelele siku hiyo walikuwa wanakumbuka kitu kingine, kwamba waandishi wa maneno hayo waliyaandika wakiwa chini ya ulinzi, wamefungwa na serikali iliyokuwa imefuta kura zote.

Mimi swali langu liko kando ya ugomvi wao. Ndoto ya Ventotene ilitimia nusu. Leo kijana wa Lisbon anaingia Ventotene bila kuulizwa chochote. Mipaka ya ndani iliondolewa, ikapelekwa nje, ikawekwa baharini. Oktoba 3, 2013, karibu na Lampedusa, kisiwa kingine kidogo cha Italia, zaidi ya watu 360 walizama siku moja, wengi wao Waeritrea, wajukuu wa koloni la Italia. Kila majira ya kuchipua, mbayuwayu na kware kutoka Afrika hutua Ventotene kupumzika baada ya kuvuka bahari hiyo hiyo. Kuna kituo cha watafiti huko. Wanawapima, wanawavalisha pete ndogo mguuni, wanawaachilia waendelee.

Ni rahisi kukasirika na Ulaya na kuishia hapo. Lakini tarehe 5 Juni 1963, hapa Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini tamko la kuunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla ya mwaka kuisha. Hawakuwa wafungwa. Walikuwa viongozi wa serikali. Mwaka uliisha bila shirikisho. Jumuiya iliyofuata ilivunjika mwaka wa 1977, na hii ya sasa inatuwezesha angalau kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho tu. Si haba, lakini si kile kilichotiwa saini.

Watu wawili wasio na ruhusa hata ya kutembea mwisho wa kisiwa waliandika kuhusu bara zima, na miaka 80 baadaye mabunge bado yanagombana kuhusu maneno yao. Tamko la Nairobi nalo lipo, si refu, na hakuna aliyelipiga marufuku. Jaribu kuuliza watu kumi wa rika letu kama wamewahi kulisikia.